Juu au chini? Kwa mnaoanza kupima samaki wachanga mlangoni mwa mto

Juzi vijana wetu wa mafunzo kwa vitendo wamerudi kutoka Pangani, wameungua jua, wamefurahi. Nikafungua daftari lao. Safu ya chumvi: 4, 3, 4, 5. Nikauliza, ya juu au ya chini? Wakatazamana. Nikaenda kunywa maji kwanza.

Nawapenda, wadogo zangu. Sasa sikilizeni.

1. Andika hali ya maji kabla ya kuandika jina lako. Bamvua (maji makubwa) au mafu (maji madogo), yanajaa au yanakupwa, saa ngapi. Chaa ni samaki wa baharini, na wachanga wake huingia mikokoni na maji yanayojaa. Ukivuta wavu Machi maji yakijaa, halafu Aprili yakipwa, tofauti utakayoiona usiisingizie mvua.

2. Kibali kiwe mfukoni, kisibaki gesti. Kokoro, huo wavu wa kukokota, ni zana haramu, na BMU, kikundi cha ufukweni kinacholinda uvuvi, hawana habari na tasnifu yako.

3. Pima juu, pima na chini. Hapa ndipo nilipoumbuka mimi. Mwaka wangu wa kwanza nilivuta kokoro miezi saba, mivuto 84, na kila mvuto nilichota maji kwa ndoo ubavuni mwa ngalawa, tone moja kwenye refraktomita, kile kipimo cha chumvi, nikaandika. Wavu wangu ulikuwa na vizito vya risasi, unaburuta tope. Yaani samaki nimewatoa ghorofa ya chini, chumvi nimeipima paani! Wakati wa masika, hasa maji mafu yasiyo na nguvu ya kuchanganya, maji baridi ya mto, yasiyo na chumvi, huelea juu ya maji ya bahari kama mafuta kwenye mchuzi. Haya nilifundishwa darasani, nikayajibu kwenye mtihani, nikayaacha kwenye chumba cha mtihani.

Nikachora grafu. Nukta zikatawanyika kama mtama uliomwagwa, nikahitimisha kwa kiburi cha umri ule kwamba chumvi haina uhusiano na chaa wachanga. Ningeishia hapo lingekuwa kosa la mwanafunzi tu. Nikaongeza sentensi moja ambayo hadi leo ikinijia usiku nageuza mto wa kulalia: kwamba, kwa hiyo, maji ya mto yakipungua zaidi samaki hawatadhurika. Mto wenyewe juu huko una bwawa la Nyumba ya Mungu, una mashamba ya umwagiliaji, una mitambo ya umeme ya Hale na New Pangani Falls. Sentensi kama ile haikosi wa kuipokea kwa mikono miwili.

Nikaenda kuisoma mbele ya wavuvi. Mzee mmoja wa mtumbwi akauliza, "Bwana samaki, hayo maji uliyachota wapi?" Nikamwonyesha ndoo. Yeye hakucheka, wenzake walimchekea. Kesho yake alfajiri akanipakia, akafunga chupa kwenye jiwe, kizibo kwenye kamba ya pili, akaishusha mpaka chini, ndipo akavuta kizibo. Juu 4. Chini 27. Akaonja, akatema. "Hawa ni watoto wa bahari, mwanangu. Wamekuja kwa shangazi yao, hawajahamia."

Mivuto 84 ikaenda na maji. Nilichelewa kumaliza mwaka mzima, na mama alidhani nimefukuzwa chuo.

4. Masika wavu ukija mtupu, usikimbilie kuandika kwamba samaki wamehama. Maji yamepanda, yameingia mpaka nyuma ya mikoko, na walewale wachanga wamesambaa humo ambamo kokoro lako halifiki. Na mkizi huwezi kumhesabu vizuri hata siku njema, anauruka wavu. Mmoja aliniruka akampiga mwenzangu wa GPS usoni. GPS ikazama, mkizi tukamla.

5. Chumvi usiitazame peke yake. Mto unaleta tope linalowaficha wachanga machoni pa kolekole, unaleta chakula, na harufu yake hufika nje baharini ikawaonyesha viluilui wa samaki mlango ulipo. Ukipungua, bahari inapanda mtoni. Waulizeni wenye minazi iliyokufa. Ukifurika kupita kiasi, unawasukuma wadogo nje kabla hawajaweza kushindana na mkondo. Kwa hiyo msiniletee ripoti inayosema maji baridi "yana faida" au "yana madhara". Nataka kiasi gani, mwezi gani, kwa samaki wa urefu gani.

6. Formalini, dawa ya kuhifadhia samaki, na chapati visikae kapu moja. Sielezi zaidi.

Yule mzee mpaka leo akiniona gatini haniamkii. Ananipigia kelele tu, "Juu au chini?" Jumatano ni bamvua, mnarudi. Chupa na vizibo viko stoo. Mawe mtaokota hukohuko.