Maswali ya Mafundi: Hewa na mota zinapigania sahani moja

SWALI: Habari yako fundi. Niko Nakuru, Industrial Area. Kuna mama anatengeneza sabuni za kipande, akanipa kazi ya kuunda mashine ya kukata. Silinda ya hewa ya milimita 50 inasukuma donge la sabuni lipite kwa waya, alafu inafaa kusimama kila sentimita 8 waya ingine ikate. Silinda peke yake ilikuwa haisimami pahali nataka, mara inapita, mara inakwama alafu inaruka. Nikaongeza stepa mota (ile mota inazunguka hatua kwa hatua) na skuru kwa sahani ileile inayosukuma sabuni, sensa ya umbali ni moja, na bodi ya Arduino (kompyuta ndogo ya kuendesha mashine) inaambia zote mbili ziende pahali pamoja. Sasa ni mbaya kuliko mbeleni! Mota inalia na kupoteza hatua, valvu inapumua pshh pshh haitulii, na skuru imeanza kupinda. Nimepima na mizani, sabuni inataka msukumo wa kama kilo 70. Presha iko bar 6. Nitoe gani kati ya hizo mbili?

JIBU: Usitoe yoyote bana, hiyo uliyounda ni aktueta haibridi kabisa, yaani kisukumio cha nguvu za aina mbili, na wazo lako ni zuri, hewa ina nguvu ya bei rahisi na mota ina uhakika wa pahali. Shida ni kwamba umezipa kazi moja zote mbili.

Angalia vile inaenda. Sili za silinda (zile raba za kuzuia hewa isitoke) zinashika kidogo kabla hazijaachilia, na hewa yenyewe inabanika, kwa hivyo ukiongeza presha hakuna kitu kinasonga, unaongeza, unaongeza, alafu sili inaachilia na sahani inaruka. Sasa programu yako inaona imebaki nusu milimita, upande wa hewa unaendelea kujaza kwa sababu PID yake (ile sehemu ya programu inayorekebisha) inajumlisha kosa kila mara, yaani umbali uliobaki kufika, mota nayo kwa hesabu yake imeshafika inang'ang'ania pahali pake, silinda inaachilia, sahani inapita, mota inaivuta nyuma, hewa inatolewa, na mchezo unaanza upya. Hizo pshh pshh ndio hizo.

Hesabu ndio itakuonyesha vizuri. Silinda ya milimita 50 kwa bar 6 inasukuma karibu kilo 120. Sabuni inakula 70. Hizo 50 zilizobaki zinaenda wapi? Zinaenda kwa nati ya skuru yako.

Kwa hivyo futa PID ya silinda, yote. Silinda isijue habari ya pahali. Weka regyuleta nzuri kwa laini yake na uishushe hadi bar 2.8 hivi, hapo inasukuma kama kilo 56, na mota inabakiwa na kilo 14. Kama skuru yako ina uzi wa trapezi unaosonga milimita 5 kwa mzunguko, na tuseme msuguano unakula asilimia 70 ya kazi, hizo kilo 14 zinataka kama Nm 0.4 tu (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha), stepa ya saizi ya NEMA 23 inabeba bila jasho. Mota ikibeba 70 zote peke yake ingehitaji kama Nm 1.8, na stepa ikikimbia nguvu yake inashuka sana, ndio maana hatua zilikuwa zinapotea. Mota ndio mwenye kusema sahani isimame wapi, sensa inaongea na mota peke yake.

Lakini kuna pahali pawili patakusumbua. Kwanza ni mwisho wa donge: sabuni ikiisha kupita kwa waya ule mzigo wa 70 unapotea ghafla, na zile 56 za hewa zinaangukia nati. Uzi wa trapezi wenye mteremko mdogo utashikilia, lakini ukiwa umenunua skuru ya gololi ujue hiyo inarudishwa nyuma na mzigo, mota itabebwa. Anza kutoa hewa kama sentimita moja kabla ya mwisho, kwa sababu hewa inachukua muda kutoka kwa valvu na paipu, haisikii amri papo hapo kama mota.

Pili ni stima. Stima ikienda (na itaenda) stepa inaachilia lakini hewa iko bado ndani ya silinda inasukuma! Tumia valvu ya springi ambayo ikikosa umeme inamwaga hewa nje. Hii ni kwa mashine yako ambayo imelala chini, ingekuwa inainua kitu juu ningekwambia kinyume, ufunge hewa ndani na uweke breki, mzigo usimwangukie mtu.

Hiyo skuru kupinda sidhani ni ya programu. Nafikiri silinda umeifunga upande mmoja wa sahani na skuru upande mwingine, zikisukuma tofauti sahani inajipinda na skuru ndio inaumia. Leta silinda katikati karibu na skuru vile unaweza, na fimbo yake uifunge kwa kiungo kinachocheza kidogo, usichomelee.

Na kama unashangaa mbona kompresa yako inachelewa kujaza kuliko ile ya mtu wa Mombasa, Nakuru tuko juu karibu mita 1,850 na hewa ni nyepesi, kila pigo la pistoni linaingiza hewa kidogo. Msukumo wa silinda haubadiliki, geji ikisoma 6 ni 6, ni kungoja tu.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi hapa Kisumu. Mradi wangu ni meza ndogo ya kusogeza lenzi, mota ya koili inaibeba umbali mrefu, nacho kipande cha piezo (kinanyooka kidogo sana kikipewa umeme) kiko juu yake kinarekebisha kidogo kidogo. Nimegawa kosa (tofauti ya pale lenzi iko na pale inafaa kuwa) kwa filta, polepole iende kwa koili na haraka iende kwa piezo. Kila moja peke yake iko sawa, nikiziwasha pamoja kuna masafa fulani (kasi fulani ya kwenda na kurudi) meza inakuwa kama imekufa, haifuati. Kwa nini?

JIBU: Mdogo wangu, yako ni tofauti na ya Nakuru, hapo moja imebebwa na nyingine kwa hivyo misogeo inajumlishwa, haziwezi kupigania nguvu. Lakini zinaweza kufutana. Kuna masafa ambapo koili na piezo zinatoa msogeo wa ukubwa sawa, pale ndipo zinapokezana. Kama hapo fezi zao (vile moja inachelewa nyuma ya nyingine) zimeachana karibu digrii 180, moja inaenda mbele nyingine inarudi nyuma, jumla ni karibu sifuri. Chora jibu la kila moja ikiwa na kontrola yake, tafuta pale mistari ya ukubwa inakatana, alafu soma tofauti ya fezi. Ukipata chini ya digrii 120 uko pazuri, ukizidi songeza mpaka wa filta chini, koili ikabidhi mapema kabla haijaanza kuchelewa.

Mimi binafsi ningeacha filta kabisa. Piezo ifuate kosa la lenzi, na koili ifuate piezo, yaani kosa la koili liwe ni umbali piezo imeondoka kwa katikati yake. Piezo ikinyooshwa upande mmoja koili inasogea chini yake polepole kuirudisha katikati, kwa hivyo inabaki na nafasi pande zote. Weka pia kikomo: piezo ikifika mwisho wa volti zake, kontrola yake iache kujumlisha kosa. Diski ngumu za kompyuta zinatumia wazo la aina hiyo, koili inazungusha mkono mzima na piezo ndogo karibu na kichwa inamalizia kwenye mstari wa data.

SWALI: Naendesha eskaveta Kakamega. Boss anataka kununua ya haibridi ati itakula mafuta kidogo. Ni kama hizi Toyota?

JIBU: Kidogo tu. Chukua ile Komatsu walianza kuuza 2008, mota ya umeme inazungusha kabini peke yake, mkono na bakuli bado ni haidroliki. Kabini ikipunguza mwendo ile mota inageuka jenereta, umeme unaingia kwa kapasita (kifaa cha kuweka umeme na kuutoa haraka), sio kwa betri kubwa, na unatumika mzunguko unaofuata. Sasa muulize boss kazi yenu ni gani. Kama ni kupakia malori siku nzima, unazunguka, unamwaga, unarudi, atayaona hayo mafuta yakipungua. Kama ni kuchimba mitaro au kuvunja mawe na nyundo, kabini haizunguki sana na hakuna cha kuokoa, heri anunue ya kawaida. Na mwambie fundi wenu wa mtaani asifungue sanduku la kapasita ati kwa sababu injini imezimwa, huo umeme unakaa ndani na unaua.