Kijiji cha India: watu wangapi, na basi liko wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma maelezo mafupi ya kijiji kimoja cha jimbo la Bihar, nchini India. Yanataja idadi ya wakazi wa mwaka 2011, kisha yanasema basi linapatikana umbali wa kilomita 5 hadi 10. Kwa nini takwimu ni za zamani hivyo, na je, wingi wa watu una uhusiano gani na usafiri wa kijijini?

JIBU: Ndugu msomaji, takwimu hizo zinaendelea kutumika kwa sababu sensa iliyopaswa kufanyika mwaka 2021 iliahirishwa kutokana na UVIKO-19, na serikali ya India ikatangaza kuwa itakayofuata itahesabu watu kwa kurejea tarehe 1 Machi 2027. Kwa hiyo maelezo mengi ya vijiji hutegemea hesabu ya 2011, ambapo wakazi wa vijijini walikuwa takriban milioni 833 kati ya watu milioni 1,210 wa nchi nzima. Mtoto aliyeandikwa wakati ule kuwa na miaka 5 sasa ni mtu mzima, na huenda ameshahamia mjini.

Umbali uliousoma nao umetoka katika sensa hiyohiyo. Vitabu vya sensa vya wilaya huonyesha iwapo huduma ipo kijijini. Isipokuwepo, huwekwa herufi a kwa umbali usiofika kilomita 5, b kwa kilomita 5 hadi 10, na c kwa zaidi ya hapo. Kijiji chako, basi, kiliandikiwa b. Herufi hiyo haisemi basi hupita mara ngapi kwa siku, wala kama njia ya kulifikia hupitika wakati wa mvua za monsuni, na kwa mgonjwa au mwanafunzi hayo mawili ni mazito kuliko kilomita zenyewe.

Ama uhusiano wa watu na barabara, huo umewekwa na kanuni. Mpango wa taifa wa barabara za vijijini, Pradhan Mantri Gram Sadak Yojana, ulioanzishwa Desemba 2000, ulilenga kufikisha barabara inayopitika majira yote katika makazi yenye watu 500 au zaidi kwenye tambarare, na 250 au zaidi katika majimbo ya milimani, maeneo ya jangwa na ya makabila. Kinachopimwa ni kitongoji, si kijiji kizima kama kilivyo katika daftari la ardhi. Katika tambarare, vitongoji vilivyo ndani ya mita 500 huweza kujumlishwa. Chukua vitongoji viwili vya watu 300 kila kimoja: vikiwa mita 400 mbali, vinahesabiwa kuwa watu 600 na vinastahili barabara, vikitenganishwa na mita 800 za mashamba, kila kimoja kinabaki na 300 zake na vyote viwili vinaendelea kusubiri. Awamu ya nne, iliyoidhinishwa Septemba 2024 kwa ajili ya makazi 25,000 yasiyo na barabara, inatumia hesabu ya 2011, na kwa maoni yangu hapo ndipo uchakavu wa takwimu unapoumiza, maana kitongoji kilichokua tangu wakati ule hupimwa kwa udogo wake wa zamani.

Hata barabara ikifika, basi halifuati lenyewe. Mara nyingi zinazotangulia ni bajaji za kuchangia nauli. Wanauchumi Sam Asher na Paul Novosad, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, walitumia viwango hivyo vya idadi ya watu kulinganisha vijiji vilivyovuka mstari kidogo na vilivyoukosa kidogo. Waliona kwamba badiliko kubwa lilikuwa watu kuacha kazi za shamba na kutafuta vibarua vya ujira, ilhali mavuno na kipato havikubadilika sana.

Ukirudi kwenye maelezo yako, angalia pia kama yanataja barabara inayopitika majira yote, kisha umbali wa stesheni ya reli. Kijiji chenye b ya basi lakini kisicho na barabara hiyo kiko mbali zaidi kuliko kilivyoandikwa.