Barua kwa mwanangu kuhusu mapatano ya njia panda

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Chamwino, sote hatujambo. Umeniuliza iwapo ni kweli kwamba Robert Johnson, yule mpiga gitaa wa Marekani unayemsikiliza usiku na mchana, alimpa shetani roho yake njia panda ili apewe ufundi wa vidole. Kisha ukaongeza, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba mwenzako wa bendi amekutajia mtaalamu wa kusafisha nyota ambaye masharti yake si magumu. Nitakujibu yote kwa pamoja, kwa kuwa kwangu mimi hilo ni swali moja.

Johnson alizaliwa Hazlehurst, katika jimbo la Mississippi, mwaka 1911, akafariki mwaka 1938 akiwa na miaka 27. Alipokuwa kijana alikuwa akichukua gitaa la wakubwa wakati wa mapumziko ya dansa, na Son House, bingwa aliyemtangulia, alieleza jinsi watu walivyochukizwa na kelele zake. Akatoweka, na aliporudi alipiga kwa namna iliyomshangaza House mwenyewe. Hapo ndipo watu walipoitia hadithi ya njia panda, ambayo ilikuwa ikisimuliwa pia juu ya mwanamuziki mwingine, Tommy Johnson, ambaye hata hakuwa ndugu yake. Lakini alikokwenda kunajulikana: alirudi upande wa Hazlehurst, akakaa na mpiga gitaa aitwaye Ike Zimmerman, naye akamfundisha kwa muda mrefu. Binti wa Zimmerman alisimulia kwamba wawili hao walifanya mazoezi makaburini usiku, kwa sababu huko hawakumsumbua mtu. Ninamfikiria sana mwalimu huyo, kwani hakuacha hata rekodi moja, na jasho lake lote watu wamelihesabu kuwa kazi ya shetani.

Lililo zito zaidi ni habari za mke wa Johnson, Virginia Travis. Alifariki akijifungua mwaka 1930, yeye pamoja na mtoto, naye alikuwa bado msichana mdogo. Mumewe hakuwapo. Baadhi ya jamaa walisema kwamba msiba ule ulikuwa adhabu kwa kijana aliyekuwa akipiga nyimbo za shetani. Mtoto wa watu alikuwa na miaka 18, amefiwa na mke na mwana kwa siku moja, na badala ya kupewa pole akaambiwa kwamba yeye ndiye sababu.

Wewe umekulia hapa, na unajua jinsi watu wanavyoizungumzia ndagu, ile dawa ya kishirikina ya kutafuta mafanikio: kwamba anayeichukua hutoa kafara, na kafara yenyewe ni mtu wa nyumbani kwake. Sasa sikiliza hofu yangu. Siku itakapovuma kwamba umekwenda huko, kila msiba utakaotupata utaandikwa kwa jina lako. Bibi yako ni mzee na presha inamsumbua. Mungu akimchukua, kuna watakaokaa matangani wakinong'ona kwamba umemtoa ili wimbo wako upigwe redioni, na huenda wewe mwenyewe usiku ukaanza kuwaamini. Hayo yatatokea hata kama dawa uliyopewa ni maji matupu. Nchi yetu imeshuhudia pia mabaya kuliko hayo, maana watu wenye ualbino wameuawa kwa sababu ya biashara ya mafanikio inayouzwa na watu wa aina hiyo, hata mwaka 2015 serikali ikatangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli. Aliyekwambia kwamba masharti ni mepesi amekutajia yale ya mwanzo tu.

Usidhani kwamba ninadharau shauku yako ya kupiga vizuri. Hukwe Zawose, yule mwanamuziki wa Kigogo, alitoka katika mkoa huu huu wa Dodoma, akaalikwa Dar es Salaam na Mwalimu Nyerere baada ya uhuru, akafanya kazi miaka mingi Bagamoyo, na zeze na ilimba yake, yaani marimba ya mkono, vikasikika Ulaya na Marekani. Tangu afariki mwaka 2003, jamaa zake wanaendelea kupiga muziki ule ule. Mimi nami nilipofundishwa ngoma yetu ya muheme na mama zangu wakubwa, nilikaa na ngoma mapajani mpaka misuli ikauma, na wao hawakunisifu haraka. Walikuwa wakinisahihisha pigo moja moja, tena mbele za watu, na kila jioni nikarudi kwao.

Kwa hiyo usipeleke fedha kwa mtu huyo, na kama umekwisha kutoa kianzio, kiache huko huko wala usikifuate. Fedha hizo mlipe mwalimu wa gitaa. Nimezungumza pia na mzee mpiga zeze wa huku kwetu, naye yuko tayari kukaa nawe mwezi mzima mavuno yakiisha, mradi uje na gitaa lako na ukubali kuanza na nyimbo atakazozichagua yeye. Niandikie tarehe ya kuja ili nimjulishe mapema.

Mama yako akupendaye.