Re: Kwa nini nimekatwa maksi wakati jibu ni sahihi?
Mdogo wangu, jibu lako la 29,000 liko sawa kabisa, shida ni ile alama ya =. Umeandika 3 × 9,000 = 27,000 + 2,000 = 29,000, sasa isome taratibu, hapo umesema 3 × 9,000 ni sawa na 29,000 na hiyo sio kweli. Ndo tunavyopiga hesabu kichwani pale mwaloni Kirumba, soko la samaki Mwanza, kilo tatu za sato halafu unajumlishia hela ya bodaboda, ila kwenye karatasi haikubaliki maana = haimaanishi "jibu linafuata". Robert Recorde, mwanahisabati wa Wales, alivyoianzisha 1557 alichora mistari miwili sambamba yenye urefu mmoja kwa sababu aliona hamna vitu vinavyolingana kuliko hivyo, kwa hiyo kushoto na kulia lazima vilingane. Andika 3 × 9,000 = 27,000, kisha shuka mstari wa chini, 27,000 + 2,000 = 29,000.

Na ile −2x < 6 uliyouliza mwishoni, ukigawanya pande zote kwa −2 alama ya < inageuka, inakuwa x > −3. Usipogeuza utapata x < −3, haya weka −4 kwenye −2x < 6 uone, inatoka 8 < 6, na hiyo sio kweli!