Samaki wameelea, maji yamerudi kuwa meupe: bado kuna cha kupima?

Mkuu, umeuliza kama inafaa kuhangaika kupima kijito chenu siku 3 baada ya samaki kuelea, maana maji sasa ni meupe pee. Inafaa. Ila maji yaliyoua yameshapita zamani, yako huko chini kwa watu wengine. Kilichobaki hapo ni mashahidi, na wengi wao wamejibana chini ya mawe.

Nitakupa la kwangu. Msimu wa kahawa mmoja, upande wa Mbinga, tuliitwa kijiji ambacho kila mtu alishatoa hukumu: kuna watu wametia utupa. Hawakuwa wajinga. Majani ya utupa yakitwangwa na kutiwa mtoni yanalewesha samaki hadi wanaelea, na wazee wanaijua hiyo vizuri. Lakini mimi macho yangu yalikuwa kwa kambare. Perege na visamaki vidogo walikuwa wamekufa kando kote, kambare wako hai, wanapanda juu kumeza hewa na kuzama tena. Kambare anaweza kupumua hewa ya juu. Akipona yeye wakafa wengine, shuku kwanza kwamba oksijeni ilikwisha majini. Sumu inayoingia mwilini haimwachi kirahisi hivyo.

Tukapanda mto. Hili wengi wanalikosea: wanapima pale penye mizoga tu. Anza juu, mahali ambapo samaki hawakufa, ndipo ushuke, vinginevyo huna cha kulinganisha nacho. Juu ya mtambo wa kumenya kahawa mbivu kipimo kilisoma oksijeni miligramu 7 kwa lita, na kwa mwinuko ule hiyo ni safi kabisa. Chini ya mfereji wa mtambo huo haikufika hata 1, pH (kipimo cha uasidi) inakaribia 4, na harufu kama ya pombe iliyochacha. Sukari ya kahawa ikiingia mtoni, bakteria wanaila na kumaliza oksijeni. Hakuna aliyemwaga sumu, na samaki wamekufa vilevile.

Saa ya kupima ni alfajiri, kabla jua halijapanda. Nasema hivi kwa aibu: safari moja ya nyuma nilifika kijito kingine saa 7 mchana, mwani umeshatoa oksijeni yake juani, nikaandika maji hayana tatizo. Wiki iliyofuata samaki wakafa tena.

Sasa mawe. Chukua wavu wa matundu madogo, utege ukielekea mkondo unakotoka, simama mbele yake na uvuruge mawe kwa miguu kama dakika 2. Mwaga kwenye beseni jeupe. Juu ya mtambo tulipata vidudu bapa vyenye mikia mitatu, vingine vinavyojijengea vijumba vya changarawe, watoto wa kereng'ende, na kaa. Chini yake viminyoo vyekundu vitupu, na mawe yamevikwa utando kama pamba chafu. Viminyoo vile huvumilia maji yasiyo na hewa. Tanzania kuna mfumo wa kuvipa alama vidudu hivi, TARISS, uliotokana na SASS ya Afrika Kusini, lakini hata bila alama tofauti ya mabeseni mawili utaiona.

Ukikuta oksijeni nzuri, ila vidudu na kaa wamekufa wote, hapo fikiria dawa ya wadudu: mashamba ya nyanya, josho, mtu kaosha bomba la kupulizia. Hiyo kipimo cha mkononi hakikamati. Chukua maji kwenye chupa ya kioo cha rangi, ijae hadi mdomoni, na samaki aliyekufa karibuni, si aliyeoza, umfunge kwenye foili. Vyote viwe kwenye barafu, vifike maabara upesi. Andika saa na mahali, na mpigie mtu wa bodi ya maji ya bonde lenu aje mchukue pamoja. Sampuli uliyochukua peke yako wanaweza kukukatalia. Wakati huohuo msile mizoga, na mifugo inywe kwingine.

Pale Mbinga nilirudi baada ya mvua. Wa mikia mitatu walishaanza kuonekana, wameletwa na mkondo kutoka juu. Kaa sikumuona hata mmoja.

Kwa hiyo niambie kwanza: kambare wenu walikufa? Na huko juu kuna nini, mtambo, josho au bustani?