Weji ya nyuzi 60: acha kuunyanyua mpira kwa mikono

Nikicheza na mtu anayejifunza gofu, namwomba weji ya nyuzi 60, fimbo ya kupaisha mpira ambayo uso wake umelala kwa nyuzi 60, aiache kwenye begi mpaka itakapohitajika kweli. Wengi huichomoa kila wakikaribia grini, ile sehemu ya nyasi fupi yenye shimo, hata kama mbele hakuna kikwazo na shimo liko mbali. Hapo chuma namba 8, fimbo ambayo uso wake umesimama zaidi, inatosha: dondosha mpira ukingoni mwa grini, uache uviringike. Nyuzi 60 ni ya pale bunka, yaani shimo la mchanga, lilipokaa kati yako na bendera, na huna nafasi ya mpira kukimbia.

Siri yake iko chini ya fimbo. Igeuze uitazame: ule unene ulioshuka kuliko ukingo wa mbele ndio baunsi. Mchezaji gofu Gene Sarazen alichomelea madini ya risasi sehemu hiyo kwenye fimbo yake ya mchangani, akashinda nayo mashindano ya The Open ya 1932 kule Uingereza. Unene ukigusa ardhi kwanza, fimbo inateleza chini ya mpira. Ukingo ukitangulia, inachimba, mpira unasogea hatua mbili na wenzako wanajifanya hawajaona.

Kwa hiyo fungua uso wa fimbo kwanza, yaani uulaze utazame juu zaidi, ndipo uishike. Ukiishika halafu ukapinda viganja, itajirudi yenyewe katikati ya pigo. Uzito uegemee mguu wa mbele, mikono isitangulie mpira, na usisite njiani. Hofu ya kupitiliza ndiyo inayowafanya watu wapunguze kasi dakika ya mwisho, kisha wajaribu kuubeba mpira kwa viganja. Nyuzi 60 zote hizo tayari zinaubeba, wewe pitisha fimbo tu.

Mazoezi ninayoyaamini huanza bila mpira. Piga nyasi tupu usikilize: ukisikia “chwaa” umepatia, ukisikia “ndu” umechimba. Ukishaizoea sauti, tandika taulo pale unapotaka mpira utue, usilitazame shimo kabisa.

Halafu kuna suala la nyasi, ambalo video za Wamarekani hazitakusaidia sana. Viwanja vingi vya Nairobi na Limuru vina kikuyu, nyasi asilia ya nyanda zetu za juu. Mashina yake hutambaa na kusukana, yanaidaka shingo ya fimbo na kuufunga uso. Kaza vidole vitatu vya mwisho vya mkono wa juu, inua fimbo wima zaidi na upige kwa nguvu kuliko macho yanavyokuambia.

Ardhi ikiwa kavu na nyasi haba, kama wakati wa kiangazi, mambo yanageuka. Ukifungua uso sana, baunsi inadunda na ukingo unaupiga mpira kiunoni, unavuka grini yote. Ufungue kidogo tu. Na kama njia iko wazi, mimi hutumia fimbo ya kusukumia hata nikiwa nje ya grini; wanaocheka wacheke.