Mguu kwanza, sauti baadaye

*Kunguru naye ni ndege mwimbaji? (Isevya, Tabora)*

Ndiyo, na naomba swali hili lipumzike. Kila anayeliuliza anaanza na sauti. Mtazame mguuni kwanza: vidole vitatu mbele, kimoja nyuma chenye nguvu, vyote usawa mmoja, utando hakuna. Njiwa naye anavyo hivyo, najua, msiniandikie. Tofauti kubwa iko kwenye kiungo cha sauti, pale bomba la hewa linapogawanyika kwenda mapafuni. Waimbaji wana misuli mingi hapo, na kunguru anayo. Oda yao, yaani kundi kubwa la ndege wanamoainishwa, ni Passeriformes, na ina zaidi ya nusu ya spishi zote za ndege duniani. Kukukera masikio hakumtoi humo.

*Na mlembe anayetuonyesha asali? (Mrina asali, Sikonge)*

Hapana. Vidole viwili mbele, viwili nyuma. Ndugu yake ni kigogota. Tena hutaga kwenye viota vya wenzake, msimsifu mno.

*Ndege akilala tawini mbona haanguki?*

Akichutama, mguu unakunjwa na kano zinazopita nyuma yake zinavutika, vidole vinajifunga vyenyewe. Akisimama vinaachia.

*Nimepata kinda la chiriku. Nimlishe nini aimbe vizuri? (Mwanafunzi, Urambo)*

Umelipata au umelitoa kiotoni? Mwanangu, hakuna chakula cha wimbo. Makinda ya jamii hii huzaliwa uchi na macho yamefumba, na wimbo hujifunza kwa kuwasikiliza wakubwa wao. Ukimlea peke yake kwenye tundu la waya ukutani, ataimba vipande visivyoeleweka na chiriku mwenzake. Kama kiota unakijua, mrudishe leo. Mama hatamsusa kwa sababu umemshika. Na mnaouza ndege pale stendi, kukamata ndege pori bila kibali ni kosa kisheria.

*Kwelea kwelea wamemaliza mpunga wetu. Nao ni waimbaji? Wanalika? (Igunga)*

Ni waimbaji, ukoo mmoja na mnana. Mmoja ana kama gramu 20 na hula karibu gramu 10 za nafaka kwa siku, kwa hiyo kundi la milioni moja linakumalizia tani 10 kabla ya jua kuzama. Wanalika wakinaswa kwa nyavu. Waliookotwa baada ya ndege ya kunyunyizia sumu kupita, hapana. Sumu ile ni ya kushambulia mishipa ya fahamu, usitegemee kuchemsha, na watoto wasipelekwe na ndoo kuwaokota.